Urefu Peke Yake Haujazi Kikapu

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 26 Juni 2009, sikulala. Wenzangu waliamka kwa ajili ya sala ya Alfajiri. Mimi Alfajiri ilinikuta macho, mbele ya televisheni, hapa Mwala ninakofanya biashara, mbali na Mombasa nilikozaliwa. Huko New York timu za mpira wa vikapu za Marekani zilikuwa zikiteua vijana wapya, na kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, aliitwa wa pili. Waliomwita ni Memphis Grizzlies. Tangu saa ile nikawa mtu wa Memphis, wala sijahama.

Kwa asiyeujua utaratibu huu, kila mwaka timu hupewa zamu za kuteua vijana, mmoja baada ya mwingine. Zile zilizofanya vibaya hushiriki bahati nasibu ya zamu za mwanzo, ili wanyonge nao wapate nguvu. Basi kuteua wa pili ni bahati kubwa, na kukosea hapo ni majuto ya miaka.

Memphis walipima nini? Thabeet alikuwa na urefu wa futi 7 na inchi 3, na katika Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa akizuia mitupo zaidi ya minne kila mchezo. Hapana shaka ngome alikuwa. Lakini mpira aliuanza akiwa kijana wa makamo ya miaka 15, na kufunga kulikuwa bado kunamtatiza. Tena nafasi yake ilikuwa na mwenyewe, Marc Gasol. Thabeet akaketi benchi. Februari 2010 akapelekwa timu ya daraja la chini, Dakota Wizards, na Februari 2011 akahamishiwa Houston. Huku nyuma, James Harden aliyeteuliwa wa 3 na Stephen Curry wa 7 wakawa mabingwa wa kutajwa dunia nzima. Na huyo Gasol? Mwaka 2007 alikuwa ameteuliwa wa 48, na mwaka 2013 akatuzwa kuwa mlinzi bora wa ligi nzima.

Sisemi haya kumsuta Hasheem. Yeye ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ile, na heshima hiyo haifutiki. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa la wapimaji: waliuona urefu, hawakuuliza kijana amebakiza masomo gani, wala atayasomea wapi.

Mwaka 2024 Memphis walimteua jitu jingine, Zach Edey, wa 9. Nilishika tama. Lakini huyu alikuwa amekaa Chuo Kikuu cha Purdue miaka 4 mizima, na mwaka wake wa kwanza katika ligi akaingia kikosi bora cha wageni. Mwaka 2025 akafuata Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyelelewa Uganda. Yeye aliteuliwa wa 10 na kuingia Phoenix Suns. Naye alianza mpira kwa kuchelewa, ila alipitia chuo cha mpira Senegal, akachezea taifa lake katika Olimpiki ya Paris ya 2024, kisha Chuo Kikuu cha Duke. Tena usiku ule ule Phoenix wakamchukua Mark Williams wa nafasi ile ile, kwa hiyo kijana hakubebeshwa mzigo wote siku ya kwanza.

Karibu na hapa pana Wamunyu, nyumbani kwa wachongaji wa Kikamba ambao vinyago vyao mmeviona Changamwe. Sisi husema samaki mkunje angali mbichi. Mchongaji atakwambia gogo si samaki: ukilichonga bichi na kuliacha juani, litapasuka. Mti ule ule, ukikaushwa taratibu kivulini, hudumu.

Kwa nini nayaandika leo? Kwa sababu mama mmoja jirani alikuja dukani na mwanawe wa sekondari, ambaye huinama kupita mlangoni pangu. Mtu fulani ameahidi kumpeleka ng'ambo kucheza, mradi aache shule sasa hivi. Mama akaniuliza, "Mzee, wewe ndiwe unayeujua mchezo huu. Nimwache aende?"

Nilimwambia amwulize mtu yule mambo matatu, na majibu ayatake kwa maandishi: mtoto atasoma shule gani, nani atamfundisha mpira kila siku, na akivunjika mguu nani atamtibu na kumrudisha kwao. Asipojibu, mtoto amalize kidato cha nne huku akijifunza kudaka, kupasi na kufunga.

Kijana alinuna. Nami nikamwonyesha jina la Gasol na nambari yake, 48. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akambebea mama yake unga, wakaenda zao.