Siku ya kupumzika si ya kulala tu

Baridi imeingia Lubumbashi. Asubuhi watoto wanavaa pulovere mbili, saa tano jua linatoka wanavua moja. Mvua haiko, barabara ni kavu, masomo yanafungwa. Wakati ya kutembea na familia njo huu. Lakini siye watu wa mine tunafanya nini? Tunalala.

Simcheki mtu. Anayetoka kazi ya usiku, macho ni mekundu, mgongo unauma. Na mimi nilikuwa vile. Siku yangu ya kupumzika ilikuwa kitanda, bukari, mupira ku redio, tena kitanda. Watoto walijifunza kutembea polepole ndani ya nyumba: «Kimya, papa analala.» Njo ile tu walijua juu yangu.

Mwaka jana, mwezi wa saba, mama watoto alichoka. Akaniambia: «Ba papa, leo utavaa viatu.» Tulipanda taksi-bisi na watoto wane, bukari na samaki ndani ya kitunga, mpaka ku Musée national ya hapa mujini. Mule kuko misalaba ya shaba. Babu zetu waliitengeneza mbele Wazungu hawajafika, na ilikuwa franka yao. Walingoja mavuno yaishe, kisha wakati ya jua kavu kama huu wakaenda kuchimba na kuyeyusha.

Kijana wangu wa miaka 11 aliuliza: «Papa, hii njo kazi yako?» Nikajibu ndiyo. Akasimama pale muda mrefu. Miaka 19 niko ku mine, na siku ile njo ya kwanza mtoto aliniuliza juu ya kazi yangu. Kisha tukaenda ku zoo, tukakula chini ya muti. Jioni nilikuwa nimechoka, lakini si uchovu ule wa kazi.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, ninaomba mambo mawili.

La kwanza ni letu wenyewe. Siku moja ku mwezi, tutoke na watoto. Anayekaa Likasi ao Kolwezi, naye atafute karibu naye: mto, bustani, mahali pazuri. Haiombi franka mingi.

La pili ni la wakubwa wa kazi. Bisi zinazotubeba kila siku, siku ya Mungu nyingi zinalala ku parkingi. Delege wetu waombe bisi moja kwa familia, mara moja tu wakati huu wa baridi. Na wale ambao programu ya kazi inakula siku yao ya kupumzika, wasinyamaze. Sheria ya kazi ya 2002 inatupa mapumziko kila juma. Si zawadi ya patron.

Tusisahau Desemba 1941. Hapa hapa Lubumbashi, wafanyakazi wa Union Minière waliosimamisha kazi juu ya mishahara walipigwa risasi ku uwanja wa mupira. Léonard Mpoyi, aliyewasemea, alikufa pale na wenzake wengi. Ukipita na mtoto ku uwanja, mwambie hiyo habari. Ku masomo pengine hataisikia.

Tarehe 30 Juni inakaribia. Defile itaisha saa sita. Kisha saa sita, usirudi ku kitanda. Shika mtoto mkono.