Mambo ya Lugha: Je, Kijiko ni cha Kike na Kisu ni cha Kiume?

Karani aandikapo barua ya Kiingereza kuomba ruhusa ya kumwuguza mama yake, mara nyingi kalamu humteleza akaandika "he" mahali pa "she". Mkubwa wake aisomapo barua hiyo hucheka, au hushuku kwamba huyo mgonjwa hayuko kabisa. Kosa hili si la ujinga. Kiswahili husema "amelala", wala hakitudai tueleze kama aliyelala ni mwanamume au mwanamke, Kiingereza chadai. Basi yafaa tulitazame jambo hili la majina ya kiume na ya kike, tuanze na Kifaransa, kisha tuje kwa Kiingereza.

Katika Kifaransa kila jina, hata la kitu kisicho na uhai, limewekwa upande wa kiume au wa kike. Tazama mahali pa kulia chakula. Meza yenyewe ni ya kike, "la table". Kijiko ni cha kike, "la cuillère". Uma nao ni wa kike, "la fourchette". Lakini kisu ni cha kiume, "le couteau". Usitafute sababu katika kisu wala katika kijiko, maana hutaiona. Kwa Mfaransa jua ni la kiume na mwezi ni wa kike. Kwa jirani yake Mjerumani, jua ni la kike na mwezi ni wa kiume. Na jua ni lile lile moja. Hata askari wa zamu huitwa "la sentinelle", jina la kike, ajapokuwa na ndevu na bunduki begani.

Mpango huu Wafaransa huuita "genre", neno litokalo katika Kilatini, na maana yake ni "aina". Hapo ndipo penye ufunguo. Hii si habari ya maumbile, bali ni habari ya kuyapanga maneno kwa makundi, nasi twaijua tangu utotoni. Twasema "mti umeanguka" na "kiti kimeanguka" bila ya kufikiri. Mfaransa ana makundi mawili tu. Sisi tunayo mengi zaidi. Lakini iko tofauti. Tukimtaja mtu, Kiswahili huliacha umbo la neno na kufuata uhai wake: twasema kipofu "amefika", si "kimefika". Mfaransa hufuata neno. Amtajapo huyo askari wake wa zamu, maneno ya sifa nayo huyatia katika hali ya kike.

Waingereza nao walikuwa na mpango kama huo zamani. Kabla ya Wanormani kuitwaa nchi yao mwaka 1066, majina yao yalikuwa ya makundi matatu: ya kiume, ya kike, na yasiyo ya kiume wala ya kike. Jiwe lilikuwa la kiume, jua la kike, na "wif", neno lenye maana ya mwanamke, lilikuwa katika kundi lile la tatu! Kufikia mwaka 1400 hivi mpango huo ulikuwa umekwisha kufa. Sasa Mwingereza hutazama maumbile tu: mwanamume ni "he", mwanamke ni "she", na kitu ni "it". Kuiita meli "she" ni desturi ya mabaharia, na hata Lloyd's List, gazeti la habari za meli, liliiacha mwaka 2002.

Sasa lipo jambo la kumtia moyo msomaji. Mwingereza husema "his book" ikiwa mwenye kitabu ni Juma, na "her book" ikiwa ni Amina. Mfaransa hamtazami mwenye mali; huitazama mali yenyewe. "Son livre" ni kitabu cha Juma, na ni kitabu cha Amina vile vile, kwa kuwa neno "livre" ni la kiume. Na "sa table" ni meza ya yeyote kati yao. Je, sivyo tufanyavyo sisi? Twasema "kitabu chake" na "meza yake", tukifuata kitu, wala hatusemi kama mwenyewe ni bwana au bibi. Kwa hili Kiswahili kiko karibu na Kifaransa kuliko Kiingereza kilivyo.

Basi ajifunzaye Kifaransa, labda kwa ajili ya biashara yake Bujumbura au Lubumbashi, asijifunze jina peke yake, bali pamoja na "le" au "la" yake, kama mgeni wetu ajifunzavyo "mti, miti". Kukosea kwaweza kuleta hasara: "le livre" ni kitabu, bali "la livre" ni ratili, au paundi ya fedha. Naye aandikaye Kiingereza, kabla ya kuifunga bahasha, na apitie kila "he" na "she", kila "his" na "her", ajiulize: "Namtaja nani hapa?" Swali hilo Kiswahili hakikumzoeza kuliuliza, ni juu yake kujizoeza mwenyewe.