Riba Iliyorudishwa

Wako wataalamu wasemao kwamba maandishi ya kiroho hayahusiani na elimu ya uchumi: sala ina mahali pake kanisani, na bei sokoni. Kwa hoja hiyo Dorothy Day wa New York (1897–1980) amefanywa bibi mpole mgawaji supu, asiyemtisha tajiri yeyote. Usomaji huu ni wa uvivu, nami naukataa.

Mji wa New York uliitwaa nyumba ambamo Day na wenzake wa Catholic Worker waliwapokea maskini, ili ipitishwe reli ya chini ya ardhi. Malipo yalikawia, basi mji ukaongeza riba. Mwaka 1960 Day aliipokea thamani ya nyumba, lakini riba, dola 3,579 na senti 39, alimrudishia mwekahazina wa mji. Barua yake, aliyoichapa gazetini mwake, yakataa fedha kuzaa fedha, na kukumbusha mafundisho ya kale ya Kanisa dhidi ya riba. (Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu likiwa limebeba haramu yake. Siku hizi twaliita faida, tukalala usingizi.)

Mpinzani atauliza: wenye njaa walinyimwa mikate mingapi kwa ukaidi huo? Swali ni zito, wala silidharau, maana mwenye njaa hashibi kanuni. Lakini latufikisha penye ugomvi wenyewe. Sadaka itokayo katika riba huwalisha maskini wa leo kwa mpango uwazaao maskini wa kesho. Day alitaka kuwalisha hao wa leo pasipo kuubariki mpango huo. Naye aliishi miongoni mwao, akila chakula chao.

Gazeti lenyewe, lililoanza Mei 1, 1933, liliuzwa senti moja, wala halikupokea matangazo ya biashara. Hili si jambo dogo. Kazi ya tangazo ni kumtia mtu haya kwa kukosa kitu ambacho jana hakukijua. Katika makala zake Misa ya asubuhi na kodi ya nyumba hukaa jirani. Anayezitenganisha atuonyeshe kwanza mstari uzigawao.

Mwaka 2000 Kanisa lilifungua rasmi kesi yake ya kutangazwa mtakatifu. Wanaotaka kumpandisha altareni na waipandishe barua ile pamoja naye, hesabu ya dola na senti ikiwamo.