Bati la Kyerwa na watu wa Geita

Wadau, kila ikitangazwa kwamba sehemu fulani kuna madini, maneno ya vijiweni ni yale yale: watu watamiminika, mji utakua, wahi kiwanja. Mimi huwa nabisha, na mfano wangu ni Omurushaka.

Kwa wasiopafahamu, Omurushaka ni njia panda ya Karagwe. Barabara moja inakwenda Kyaka hadi Bukoba, nyingine Kayanga na kuendelea upande wa Ngara, ya tatu inapita Nkwenda mpaka Murongo, mpakani na Uganda. Hiyo ya tatu ndiyo ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Na Kyerwa kuna bati (madini jamani, siyo la kuezekea), linachimbwa tangu enzi za Mwingereza, miaka ya 1920. Karne nzima! Lakini kilichoikuza Omurushaka ni kahawa, ndizi, maharage na hiyo njia panda yenyewe.

Mtaniambia, mbona Geita? Sawa, tuiangalie. Mgodi mkubwa ulifunguliwa 2000, mkoa ukaanzishwa 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,739,530, ya 2022 ikakuta 2,977,608. Kagera yetu ilitoka 2,458,023 ikafika 2,989,299. Yaani wao wameongezeka zaidi ya milioni moja na laki mbili, sisi laki tano na kidogo. Kuzaana nako kumo, tusidanganyane. Ila dhahabu ina jambo moja: kijana mwenye sururu anaichimba, anaisaga kwenye karasha, na mnunuzi yupo pale pale na pesa mkononi. Mama lishe, fundi baiskeli na mwenye gesti wanamfuata huyo kijana, hawafuati uzio wa kampuni.

Bati halina bahati hiyo. Kwa kilo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na dhahabu, na tangu 2010 limebeba mkosi wa jirani. Mwaka huo Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, inayozitaka kampuni zilizo kwenye masoko yake ya hisa zieleze kama bati lao linatoka Kongo au nchi zinazopakana nayo. Sisi tunapakana nayo. Ndiyo maana cheti cha nchi za Maziwa Makuu, ICGLR, kimekuwa kila kitu: bila hicho wanunuzi wakubwa wanakukwepa, unabaki na mlanguzi anayekupangia bei au mzigo unavuka mpaka kwa magendo. Ni butura ile ile ya kahawa, mwenye mali anauza kwa bei ya mwenye shida.

Sasa gumzo ni nikeli ya Kabanga, Ngara. Nayo si mpya, ilijulikana tangu miaka ya 1970. Mkataba wa Januari 2021 ulizaa Tembo Nickel, serikali ikiwa na asilimia 16. Lakini kiwanda cha kusafishia kilitangazwa kujengwa Kahama, mkoa wa Shinyanga. Shimo Kagera, kiwanda Kahama! Mnadhani mafundi na wafanyabiashara watahamia wapi?

Wabunge wetu wangepigania soko la bati lenye cheti huko Kyerwa, lenye mzani wa haki na malipo ya siku hiyo hiyo, ningewaelewa zaidi kuliko wanavyoshangilia nikeli. Na wewe unayetafuta kiwanja Omurushaka kwa sababu ya Kabanga, mimi ningenunua karibu na mashine ya kukoboa kahawa.