Macho mekundu ya bibi

Juzi nilikuwa Didia, nimekaa kwa mama ntilie nakunywa chai nikisubiri gari la kwenda Shinyanga mjini. Pembeni yangu wazee wawili walikuwa wanaongelea vikongwe waliouawa kwa mapanga miaka ya nyuma. Nikadakia, si mnatujua waandishi! Mzee mmoja akanijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, panapofuka moshi pana moto. Hawawezi kumkata mtu bure."

Jamani... bure?

Yule mzee si katili. Nilipofika alinisogezea kiti. Ila anaamini dunia inamlipa kila mtu anachostahili. Mwaka 1966 huko Marekani, Melvin Lerner na Carolyn Simmons walichapisha jaribio lao: watu walimtazama msichana akipigwa shoti ya umeme kila alipokosea jibu (yalikuwa maigizo, wao hawakujua). Walioambiwa mateso yanaendelea ndio waliomponda zaidi yule msichana! Maana ukikubali kwamba hana kosa, ukubali pia kwamba kesho unaweza kuwa wewe. Afadhali bibi awe mchawi, ulale.

Na huo moshi wenyewe? Usukumani kuni ni shida, akina mama wengi wamepikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka maisha yao yote. Moshi wake unayafanya macho kuwa mekundu. Basi macho hayo hayo ndiyo yanageuzwa ushahidi!

Hebu linganisha na mauaji ya ndugu zetu albino yaliyoshamiri kuanzia 2007. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua kijana wa miaka 14. Mimi sijawahi kusikia mtu akiuliza yule mtoto alimkosea nani. Bibi ndiye tunayemtafutia kosa, na halikosekani: mjukuu kafa kwa homa, ng'ombe kaanguka, au ana shamba ambalo kuna ndugu analimezea mate. (Hilo la shamba tungelianza nalo, pengine wengi wangekuwa hai.)

Nikamuuliza mzee, "Mzee wangu, mama nyumbani anapikia nini?"

"Kinyesi cha ng'ombe."

"Na macho yake yakoje?"

Hakunijibu. Akaagiza chai nyingine, na yangu akalipa yeye.