Mbwa Hachangiwi

Kuna hoja moja nimechoka kuisikia, na wanaoipenda zaidi ni wasomi wa rika langu: kwamba sisi hatuhitaji akiba ya dharura kwa sababu akiba yetu ni watu. Mwezi huu nimeletewa tena, safari hii kwa sababu ya mbwa.

Rafiki yangu ana mbwa aliyezaa, na amenitengea kijibwa cha kike, bure. Mimi tayari ninaye mmoja, dume aitwaye Watasema (jina nilimkuta nalo, aliyenipa alikuwa na ugomvi na majirani zake). Nasoma uzamili, nimepanga chumba na sebule Makongo, na kipato changu ni tuisheni za hisabati na vibarua vya kuingiza data. Pembeni nina shilingi 410,000 za siku mbaya. Nikasema sichukui mbwa wa pili mpaka fedha hiyo iongezeke. Nikajibiwa kwamba nimelishwa maneno na washauri wa fedha wa mitandaoni, wale wa "weka matumizi ya miezi mitatu hadi sita", na kwamba mbwa ni makombo tu.

Haya, makombo. Watasema hali makombo, kwa sababu mtu mmoja anayepika kwenye jiko la gesi la mtungi mdogo habakishi makombo ya kumshibisha mbwa wa kilo 20. Anakula ugali wa dona na dagaa, na utumbo siku nikipita buchani. Kwa mwezi ni kama 45,000. Wa pili angeongeza labda 30,000 mwanzoni, nami ningezipata: nipunguze chipsi, nitafute mwanafunzi mmoja zaidi. Wanaobishana nami juu ya chakula wanabishana juu ya sehemu rahisi.

Sehemu ngumu ni parvo. Mtoto wa mbwa huanza chanjo akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16 hivi. Katikati ya hapo ugonjwa unamsubiri. Kirusi chake hukaa udongoni miezi mingi, na hakuna dawa ya kawaida ya kukiua kikishaingia mwilini. Daktari humtundikia dripu, humzuia kutapika, humpa dawa za bakteria wanaovamia utumbo ulioharibika, na kila mmoja anasubiri. Siku ya pili hivyo hivyo, siku ya tatu hivyo hivyo, kila siku na bili yake. Jirani yangu wa mtaa wa pili alilipia siku mbili. Ya tatu fedha zikakata, akambeba mbwa wake kwenye khanga wakarudi nyumbani. Daktari hakuwa mkatili. Dripu na yeye huzinunua.

Na mbwa wawili hawaugui kwa zamu. Wanalala pamoja, kupe wa mmoja ni kupe wa mwenzake.

Sasa nirudi kwa watu. Sikatai hata kidogo kwamba watu ni akiba. Mwaka jana mama alipolazwa, kundi la ukoo la WhatsApp lilikusanya laki sita kwa siku mbili. Shangazi yangu mmoja alituma elfu tano na kuomba radhi kwamba ni ndogo. Mimi pia huchanga: misiba, sendofu, harusi, ada za watoto wa binamu. Lakini jaribu kuandika kwenye kundi lile: "Wapendwa, mbwa wangu anaharisha damu, naomba mnishike mkono." Utapata emoji za kucheka, kisha baba mkubwa atakupigia kuuliza kama masomo yamekuzidi. Wala hatakuwa amekosea. Hilo kundi lina wagonjwa wake. Kadi yangu ya bima nayo inanitibu mimi peke yangu. Watasema hana ukoo isipokuwa mimi, na usalama wake wote ni salio lililomo kwenye simu yangu.

Huniambia vilevile: babu yako kule Rungwe alifuga mbwa wanne bila shilingi benki. Ni kweli, na niliwapenda wote. Naomba mniulize walikufaje. Mmoja alivimba tumbo, akaingia migombani, hakurudi. Mwingine alikonda wiki tatu tukimtazama. Babu alikuwa mtu mwema, na mbwa wake walifukuza ngedere shambani wakalishwa alichokuwa nacho. Lakini ufugaji ule haukuwa na bili kwa sababu haukuwa na tiba. Mimi ninayo namba ya daktari wa mifugo. Siwezi kuitazama tu huku nikisema babu alimudu.

Tena mimi siishi shambani. Uani kwetu tuna kaya tano na watoto tele. Majirani wengi ni Waislamu, wanaojihadhari na mate ya mbwa, na wananivumilia kwa adabu ambayo sijui kama ningekuwa nayo. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu 59,000 hivi duniani kila mwaka. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona. Kwa hiyo chanjo ya kila mwaka ni deni langu kwa watoto wa wenzangu. Mbwa wangu akimng'ata mmoja wao, mama yake atagonga mlango wangu usiku huohuo kudai fedha ya sindano, na atakuwa na haki. Hapo pia hakuna kundi la kuchangisha.

"Ukisubiri fedha hutafuga kamwe," anasema rafiki yangu. Sisubiri utajiri. Nimejiwekea 250,000, mbali na akiba yangu, za mbwa tu, zisizoguswa hata michango ikija. Na michango huja kila wiki. Ugumu wenyewe uko hapo, kuliko kwenye dona na dagaa: siku shangazi yangu atakapougua, yule wa elfu tano, nitamwambiaje kwamba laki mbili na nusu ninazo, ila ni za mbwa?

Bado sijapata maneno. Kijibwa anafikisha wiki 9 Jumamosi, na rafiki yangu anasema kuna mtu wa Mbezi amemuulizia.