DIRISHA LA MOYO HALINGOJI

Ndugu zetu wa Kizimkazi wanajua kutia kalafati. Dau likivuja halingojewi mpaka lijae maji. Huzibwa lingali pwani. Leo twasema juu ya tundu jingine, lililo ndani ya kifua cha mtoto mchanga.

Duniani, katika kila watoto 100 wanaozaliwa, mmoja hivi huwa na kasoro ya moyo. Moja ya kasoro hizo, nayo ni adimu sana, ni dirisha linalobaki wazi baina ya mshipa mkuu wa damu na mshipa uendao mapafuni. Damu ya kwenda mwilini humwagikia mapafuni kwa nguvu. Mtoto huhema, hutoka jasho anaponyonya, hanenepi, na kifua hakimwishi.

Dirisha kubwa ni kazi ya mpasuaji hata leo. Lakini likiwa dogo, tena limekaa pazuri, daktari aweza kupitisha mpira mwembamba katika mshipa wa paja mpaka penye tundu, akafungua humo kizibo kilichokunjwa. Kifua hakipasuliwi. Matundu ya moyo huzibwa kwa njia hii katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa moyo walipelekwa India.

Basi adui aliyebaki ni kuchelewa. Mapafu yakipigwa na damu kwa muda mrefu, mishipa yake huwa migumu. Ikishafika hapo, fundi hodari naye hurudisha mkono, kwani kuziba kwenyewe kwaweza kuua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa hata ukuta haujengeki.

Kwa hiyo twaitaka serikali ihakikishe kuwa kila mtoto wa Kusini anasikilizwa moyo kabla mama hajarudi nyumbani, na tena siku za chanjo. Mwenye dalili apelekwe Mnazi Mmoja upesi, na ikibidi avushwe bahari, nauli ya mama isiwe kikwazo.

Na nyinyi wanachama, msikae barazani mkingoja. Kila tawi lijue nyumba yenye mtoto anayehema, liwaambie wazee wake ukweli huu, lichange nauli. Haki ya mtoto wa Kizimkazi haipimwi kwa umbali wa kijiji chake na mjini.